Kuingia Pate kwa boti bila kukwama matopeni

Wageni huniuliza njia ya kuingia mji wa Pate, kisiwani Pate huko Lamu, ni ipi. Njia ni ile ile. Kinachobadilika ni saa. Maji yakitoka, mbele ya mji hubaki tope na mikoko, abiria wakashukia Mtangawanda, gati la kisiwa hicho hicho, na kumalizia safari kwa nchi kavu. Maji yakijaa, hata boti yenye mzigo hufika. Mimi hufanya hivi.

1. Hesabu mwezi. Mwezi unapoandama, na tena tarehe 15 ya mwezi huo wa kuandama unapokuwa mpevu, kwetu maji hujaa kabisa karibu saa 10, alfajiri na jioni. Kila siku huchelewa dakika 50 hivi. Leo tarehe 4? Ongeza siku 3, yaani dakika 150: saa 12 na nusu. Ni makadirio. Mwenye jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, kwenye simu alitazame pia.

2. Bamvua au maji mafu? Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka mita 3 au zaidi. Maji mafu, karibu tarehe 8 na 22, hupanda kidogo tu. Boti iliyopita wiki iliyopita na mifuko ya saruji, leo itagusa.

3. Tia alama upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Pakia mzigo na watu wote kwanza. Pima kutoka usawa wa maji hadi ncha ya chini ya propela, ongeza shibiri mbili, kisha funga uzi mwekundu kwenye upondo kwa urefu huo kutoka chini. Njiani, upondo ukigusa tope na uzi ungali juu ya maji, simama hapo hapo.

4. Ingia maji yakijaa. Hatua hii usiifanyie mzaha. Ukikwama maji yakijaa, zima injini, subiri dakika chache, utaelea. Ukikwama yakianza kutoka, unangoja yatoke yote na yarudi yote. Mwaka mmoja nilikwama hivyo na abiria tisa na mbuzi, kwa muda wa karibu saa 11 nzima, na aliyelalamika kidogo kuliko wote ni mbuzi.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa mpando wote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua la mita 3, saa ya tatu peke yake huongeza sentimita 75. Mimi huingia saa ya tano: kina kipo, mkondo umeshapungua nguvu, na akiba ya maji bado inakuja.

5. Soma maji. Penye kona, shika upande wa nje; mkondo huchimba huko na kulundika tope ndani. Vijiti vya wavuvi usivikisie, uliza vipitwe upande gani. Maboya ya bandari kuu yana kanuni moja: ukiingia kutoka bahari kuu, jekundu liwe kushoto, kijani kulia.

6. Shusha mzigo haraka. Ukifunga kamba maji yamesimama, saa ya kwanza hupungua sentimita 25 tu za bamvua hilo. Saa ya pili ni 50. Ukikaribishwa chai, omba itiwe kwenye chupa.