Jinsi ya kuzoesha tumbo lako lipate choo kwa wakati bila kujikamua

Kama unakaa chooni nusu saa unajikamua mpaka jasho linakutoka, hebu acha kwanza, maana utumbo una ratiba yake na kazi yako wewe ni kuiwahi tu.

Ukimeza tonge, umio unalisukuma wenyewe hadi tumboni kwa sekunde kama 10, hata ukiwa umelala linafika. Tumboni chakula kinasagwa saa 2 mpaka 4 hivi, utumbo mwembamba nao unachukua saa kadhaa kunyonya virutubisho, halafu ndo unakuja utumbo mpana, huu hauna haraka kabisa, mabaki yanaweza kukaa humo siku nzima au mbili huku maji yananyonywa kidogo kidogo. Ndo maana ukibana haja leo, kesho inatoka ngumu.

Sasa fanya hivi. Mara chache kwa siku utumbo mpana unapata wimbi kubwa la kusukuma mzigo kwenda chini, na wimbi hilo huja zaidi asubuhi ukishaamka na baada ya kula. Kwa hiyo amka mapema kidogo, kunywa maji, kula mlo wa kueleweka, tumbo likitanuka utumbo mpana nao unaamka. Subiri dakika 15 mpaka 30 alafu nenda chooni hata kama haja haijabana sana.

Choo cha kuchuchumaa hapo uko vizuri. Cha kukaa, tafuta stuli fupi uweke miguu, magoti yapande juu kuliko nyonga, inama mbele kidogo. Kuna msuli umezunguka njia ya haja kubwa kama kitanzi, ukikaa wima unaikunja njia, ukichuchumaa unalegea na njia inanyooka. Pumua kwa tumbo taratibu. Dakika 10 zikipita hamna kitu ondoka, rudi haja ikija au kesho saa ileile, na simu iache nje jamani, kukaa sana mle kunachangia bawasiri.

Haja ikikuita usiipuuze. Mi nilibana miaka kwa aibu ya vyoo vya kazini, mwishowe nikawa hata sisikii tena kama imekuja, ilinichukua wiki nyingi kurudi sawa.

Nyuzinyuzi (matunda, mboga, maharage) ongeza polepole na maji juu, ukizivamia zote siku moja gesi itakutesa. Tembea pia.

Usihesabu siku kwa hofu, mara 3 kwa siku mpaka mara 3 kwa wiki yote ni kawaida kama choo ni laini. Ila ukiona damu, unapungua uzito bila sababu, au tumbo limejaa unatapika na hata ushuzi hautoki, hapo achana na stuli nenda hospitali siku hiyohiyo.