Jinsi ya kushika Ijumaa bila nyama ukiwa Mombasa

Mkatoliki wa Mombasa ana kibarua kikubwa siku ya Ijumaa kuliko mwenzake wa bara, maanake hapa kwetu Ijumaa ndio siku ya biriani na pilau. Watu wakitoka kuswali mchana, mtaa mzima, uwe uko Majengo, Mji wa Kale ama ng'ambo kule Likoni, unanukia vitunguu vya kukaanga na nyama ya mbuzi, na hoteli nyingi siku hiyo chakula kinachoisha kwanza ni hicho hicho. Sasa wewe umeamua kushika Ijumaa, jana hukupanga kitu, njaa imekubana saa saba na uko katikati ya mji, hapo utaanguka tu, na si kwa sababu imani yako ni haba, ni sababu hukujipanga. Ndio maana naandika hii, hasa kwa vijana walioanza kujitegemea na wale wamehamia Pwani juzi juzi.

Tuanze na sheria yenyewe, ni fupi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1250 mpaka 1253, inasema Ijumaa zote za mwaka ni siku za toba, kwa kuwa Bwana wetu alikufa Ijumaa, pamoja na kipindi chote cha Kwaresma, yaani majuma ya toba kabla ya Pasaka. Ijumaa usile nyama, ama ujinyime chakula kingine ambacho maaskofu wa nchi yako wamepanga, isipokuwa Ijumaa hiyo ikiangukiwa na sherehe kubwa ya Kanisa. Na hili jambo si la juzi, Wakristo wa karne ya kwanza tayari walikuwa wakifunga Jumatano na Ijumaa.

Nyama ni ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, ngamia, NA KUKU. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu hapa ndio watu wengi huteleza, mtu anakwambia "mimi leo sili nyama, nitakula kuku", kwa vile kwetu ukienda hotelini unaulizwa nyama ama kuku kana kwamba ni vitu viwili mbali mbali. Kuku ni nyama. Bata ni nyama. Maini, matumbo, soseji, smoki, mutura, vyote nyama. Samaki inaruhusiwa, na kila kitu cha baharini tunachokula huku, pweza, ngisi, kamba, kaa, papa, taa, dagaa. Mayai inaruhusiwa, maziwa inaruhusiwa, na Papa Paulo wa Sita alivyopanga upya mambo ya toba mwaka 1966 aliruhusu pia viungo vya chakula hata vikiwa vimetengenezwa na mafuta ya mnyama. Kwa hivyo chapati yako ya samli usiwe na wasiwasi nayo, na zile chipsi za kibandani zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyopitisha kuku asubuhi, kula, usijisumbue roho.

Cha kuangalia ni nyama iliyojificha, na Mombasa iko nyingi. Sambusa uliza kwanza, ya kima ama ya ndengu. Katlesi usidanganyike na viazi vya juu, ndani mara nyingi kuna kima. Mkate wa mayai pia, watu husikia jina wakadhani ni mayai tupu, kumbe mara nyingi umejazwa kima. Kababu inajulikana. Viazi karai, bajia, kachiri, muhogo wa kukaanga, mahamri, hizo kula bila kuuliza. Kama wewe ni mtu wa smoki za barabarani, kwenye toroli lile lile kuna mayai ya kuchemsha, mwambie akupasulie yai akutilie kachumbari, njaa imeisha. Na pilau? Kuna wenye kutoa vipande vya nyama wakaweka pembeni wakala wali. Mimi naona hapo unajidanganya, ule wali umeiva ndani ya supu ya ile nyama na utamu wake wote ni wa nyama, bora uache sahani nzima ule kitu kingine kwa moyo mmoja.

Umri: kujinyima nyama kunaanza ukishatimiza miaka 14 na hakuna mwisho, hata babu wa miaka 80 kama afya iko. Kufunga ni kitu kingine, kunawahusu walio na miaka 18 mpaka waanze mwaka wao wa 60, na siku za lazima ni mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu inayofungua Kwaresma, na Ijumaa Kuu. Siku hizo mbili unafunga na nyama pia huli. Kufunga kwetu ni mlo mmoja wa kushiba, na unaruhusiwa vimilo viwili vidogo ambavyo ukivijumlisha havifikii ule mlo mmoja, bila kudonoa donoa katikati. Maji unakunywa, dawa unakunywa. Hili ujue kulieleza kwa sababu jirani Mwislamu akikuona na chupa ya maji Ijumaa Kuu lazima ashangae, kwao saumu ni tangu alfajiri mpaka magharibi bila hata tone, sasa mwambie vizuri tu kwamba utaratibu wetu uko hivi, wala usione haya.

Mgonjwa, mama mjamzito, anayenyonyesha, hawa wasijilazimishe. Na yule ambaye hana chaguo, kwa mfano dada wa kazi anayekula kinachopikwa kwa tajiri wake, mwanafunzi wa bweni aliyewekewa sahani moja tu, kibarua wa bandarini aliyebebewa chakula cha kazini na hana pesa ya kununua kingine, ale ashukuru Mungu, atafute toba nyingine siku hiyo. Watoto chini ya miaka 14 sheria haiwabani lakini wazazi wameachiwa kazi ya kuwafundisha, na mtoto anayekula mbaazi na wazazi wake kila Ijumaa akaelezwa kwa nini, huyo hatakupa shida akifika umri.

Sasa njoo kwenye kupanga, hapa ndio kazi iko. Ijumaa yako inaanza Alhamisi usiku. Roweka mbaazi kavu kabla hujalala, vikombe viwili vinatosha familia ya watu watano na kiamsha kinywa kinabaki. Ijumaa asubuhi zichemshe kwa maji mapya mpaka ukibinya moja kwa vidole inapondeka lakini haijapasuka, chumvi utatia baadaye. Nazi mbili, zikune kwa kibao cha mbuzi ama nunua ya kukunwa pale sokoni, kamua tui zito uliweke kando, halafu tia maji ya vuguvugu kwenye chicha, yale mabaki ya nazi, ukamue tui jepesi. Mwaga maji ya mbaazi, tia lile tui jepesi, kitunguu kilichokatwa, pilipili mbichi mbili nzima zisipasuke, bizari ya manjano kidogo na chumvi, acha zichemke mpaka tui linywee. Mwisho kabisa tui zito, moto mdogo, koroga pole pole bila kuacha sababu ukiliacha lichemke kwa nguvu tui litakatika na chakula kitaonekana kama kimeganda. Epua likianza tu kuvuta. Na mahamri asubuhi, na wali ama chapati mchana, beba kwa hotpoti upeleke kazini. Ukifanya hivyo hakuna biriani ya mtu itakayokutoa kwenye njia yako.

Kama huna muda wa kupika, mama karanga, wale wanawake wanaokaanga samaki, wako karibu kila mtaa jioni, samaki wa kukaanga na ugali ama muhogo, bei ya mwananchi. Mwenye kununua samaki mbichi aende mapema, angalia jicho liwe angavu na limetokeza, fungua shavu uone wekundu, bonyeza nyama irudi. Kwaresma nyingi inaangukia mwisho wa kaskazi, msimu wa upepo wa kutoka kaskazini, bahari imetulia na samaki wapo. Ikifika kusi, msimu wa upepo wa kutoka kusini, bahari inachafuka, samaki wanapungua na bei inapanda, hapo ndio uwe na ng'onda, yaani samaki wa kukausha, na dagaa wakavu nyumbani, na kunde, ndengu, maharagwe ya nazi, mchicha wa nazi.

Na hapa nina neno kwa sisi watu wa Pwani, nalisema kwa upendo. Kwa mtu wa mlimani samaki pengine ni kujinyima kweli. Kwetu samaki wa kupaka ni karamu. Ukiacha nyama ya robo kilo ukaenda kujilia kamba wakubwa wa kuchoma na kaa wa nazi kwenye hoteli ya ufuoni, sheria hujaivunja, lakini toba iko wapi hapo? Mimi ningekwambia Ijumaa za Kwaresma kula kile cha kawaida kabisa, dagaa, mbaazi, sukuma na ugali, na ile tofauti ya pesa usiirudishe kwenye mfuko wako. Weka kwenye bahasha. Maaskofu wa Kenya wana Kampeni ya Kwaresma kila mwaka, kuna kijitabu mnakisoma kwenye jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani na kuna mchango wa wahitaji, hiyo pesa ya nyama inafaa iishie huko, ama kwa mjane unayemjua pale mtaani. Toba bila huyo maskini kuonja kitu ni nusu.

Jirani je? Ijumaa mchana bibi wa nyumba ya pili amekuletea sahani ya biriani imefunikwa na kitambaa. Usimrudishe nayo mlangoni hata siku moja, huo si uungwana wa huku. Pokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, shika hii ule na watoto."

"Ahsante sana bibi, Mungu akuzidishie. Leo sisi hatuli nyama, ni Kwaresma, naiweka kwenye friji kesho mchana tunaila."

Yeye ataelewa, mtu anayefunga Ramadhani nzima anajua kabisa kujizuia kwa ajili ya Mungu ni nini. Na sahani yake usiirudishe tupu. Mwaka 2025 na 2026 Kwaresma na Ramadhani zilikwenda pamoja, 2026 Majivu yaliangukia tarehe 18 Februari na mwezi ukaandama karibu siku hizo hizo, na mtu wa Mombasa anajua raha ya kupeleka mbaazi za nazi kwa jirani wakati wa futari wakati wewe mwenyewe unatoka kwenye ibada ya Njia ya Msalaba. Tukiuliziana vizuri hakuna anayekwaza mwenzake. Kazini pia, kama ofisi inaagiza chakula cha pamoja Ijumaa, tuma meseji kwa anayeagiza tangu asubuhi, usingoje sahani zimefika ndio uanze kueleza dini.

Kuna swali la Ijumaa zisizo za Kwaresma. Ni siku za toba pia, watu wengi hawajui. Utaratibu unatofautiana nchi na nchi kwa sababu sheria imewapa maaskofu ruhusa ya kubadilisha, kama una ndugu Marekani utasikia nje ya Kwaresma anaweza kula nyama na kufanya toba nyingine, tangu 1966, na aliye Uingereza atakwambia maaskofu wao walirudisha kutokula nyama kila Ijumaa tangu Septemba 2011. Kwa hivyo msibishane kwenye grupu la familia la WhatsApp, kila mtu afuate maaskofu wa mahali alipo. Hapa sikiliza matangazo mwisho wa misa, na ukiwa na jambo la kipekee, mfano harusi ama matanga ya ukweni yameangukia Ijumaa, mwone paroko wako mapema, ana mamlaka ya kukuruhusu ama kukubadilishia, si lazima uamue peke yako. Mimi binafsi naacha nyama Ijumaa zote za mwaka na nakushauri ujaribu, ni rahisi kukumbuka kuliko kuhesabu ni Ijumaa gani.

Ukisahau ukala? Ulikuwa umeshatafuna mshikaki nusu ndio ukakumbuka leo ni Ijumaa. Dhambi inataka ujue na ukusudie, wewe umesahau, basi acha hapo ulipofika, chukua toba nyingine siku hiyo, kaa na rozari ama katembelee mgonjwa, yaishe. Tofauti ni yule anayejua na kusema "aah, Mungu haangalii tumbo". Huyo akaungame.

Mwisho ni zile Ijumaa ambazo nyama ni ruhusa, kwa sababu sherehe imeangukia hapo. Moyo Mtakatifu wa Yesu kila mwaka ni Ijumaa, na Ijumaa ya wiki ile ya kwanza baada ya Pasaka nayo imo ndani ya sherehe. Krismasi ya 2026 ni Ijumaa, pikeni pilau lenu kwa amani. Na 2027 tarehe 19 Machi, Mtakatifu Yosefu, ni Ijumaa ndani ya Kwaresma, wiki moja kabla ya Ijumaa Kuu ya tarehe 26, watu watabishana sana siku hiyo, wewe weka kwenye kalenda ya simu sasa hivi na umwambie mwenyekiti wa jumuiya yenu pia.