Baiskeli yako ya kwanza ya resi, utenge shilingi ngapi?

Ukiuliza watu wa baiskeli hapa Nairobi ununue ya pesa ngapi, mmoja atakwambia 20,000 inatosha kabisa, mwingine atakuangalia kama mtu ameagiza nusu chapati alafu akwambie chini ya laki mbili hakuna kitu. Kila mtu anajibu na mfuko wake. Wewe anza na ile pesa ambayo ikiibiwa Ijumaa, kodi ya nyumba bado italipwa. Hio ndio jumla yako, na baiskeli yenyewe lazima iwe chini ya hio, wengi huchomeka hapo tu.

Tuseme uko na 50,000. Kabla uangalie baiskeli ata moja toa kama 10,000 ya helmeti, pampu, tyubu mbili za akiba, viraka vya pancha, taa ya mbele na ya nyuma, kufuli, na kaptula yenye padi (hio kaptula watu huicheka mpaka siku wapande kilomita 60). Alafu weka 8,000 kando ya fundi, juu resi ya mtumba ikishafika kwako karibu kila mara inataka nyaya mpya za breki na gia, raba za breki, pengine na cheni na tairi. Imebaki 32,000, hio ndio bei yako ya juu. Ile ya 45,000 inayong'aa pale mlangoni itakula helmeti na fundi wako, na utaanza kupanda bila breki za kuaminika.

Sasa hio 32,000 inunue nini? Kwanza saizi, na hapa sibembelezi mtu. Kiti unaweza kupandisha, usukani unaweza kubadilisha, lakini fremu kubwa haipunguzwi. Mtu wa sentimita 170 mpaka 178 hivi kwa kawaida anaangukia fremu ya sentimita 54, akipita hapo mpaka 185 ni 56, ingawa kila kampuni inapima kivyake kwa hivo lazima uikalie. Muuzaji akisema utaizoea, hutaizoea, utaumwa na shingo na mgongo alafu uiuze kwa hasara. Bora baiskeli ya 20,000 inayokutosha kuliko ya 60,000 ya mtu mrefu.

Pili, unapanda wapi? Kama mipango yako ni kupanda vilima vya Limuru wikendi, hesabu meno ya gia. Resi nyingi za zamani zina meno 53 na 39 pale mbele, hizo ni za watu wenye miguu tayari. Tafuta yenye 50 na 34, na gia kubwa ya nyuma iwe na meno 28 au zaidi. Angalia pia nafasi kati ya tairi na fremu, kama tairi ya upana wa milimita 28 inaingia utashukuru kwa barabara zetu, zingine za zamani zinakubali 25 mwisho.

Kuhusu gia zenyewe, Shimano, kampuni inayotengeneza gia, wako na ngazi yao, kutoka chini kwenda juu kwa matoleo ya miaka ya karibuni: Claris gia 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, alafu 105 ambayo ni 11 au 12 kulingana na mwaka, na juu yake Ultegra na Dura-Ace. Mimi kwa baiskeli ya kwanza ningekaa Claris au Sora bila aibu, cheni na kaseti zake (yaani zile gia za nyuma) ni za bei rahisi kuliko za huko juu na fundi yeyote anazijua. Gia za stima za kuchaji wachia wenye pesa. Na uzito usikunyime usingizi, ata mashindano yanayofuata sheria za UCI, shirikisho la baiskeli duniani, kama Tour de France hayaruhusu baiskeli chini ya kilo 6.8, yako ya aluminiamu ikiwa 10 tofauti ni kilo tatu na kidogo, na wengi wetu tumezibeba tumboni tayari. Kaboni ya mtumba usiyojua ilikotoka iache kabisa, ufa unaweza kuwa ndani na usiuone.

Siku ya kwenda kuangalia beba rula yenye inchi. Pima cheni kutoka katikati ya pini moja, hesabu vipande 24, inafaa iwe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 cheni inakufa, ikizidi 1/8 labda na kaseti imeenda nayo, hio ni pesa ya kutoa kwa bei. Zungusha magurudumu uone kama rimu inayumba. Alafu omba kiti kipandishwe na kishushwe mbele yako, usikubali hadithi, juu baiskeli nyingi zilizotoka Uingereza zimepita kwa chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi na ile nguzo ya kiti inashikana na fremu mpaka haitoki tena. Ikigoma, ondoka, ata kama rangi ni safi namna gani.

Ukiweza nenda na fundi wako, mlipe kitu kidogo cha muda wake. Yeye atasema kasoro kwa sauti mbele ya muuzaji na bei itaanza kushuka bila wewe kubishana. Uliza risiti na upige picha ya namba iliyo chini ya fremu, za wizi ziko sokoni. Na ukishalipa nunua kile kiadapta kidogo cha valvu nyembamba za tyubu za resi hapo hapo, ni pesa kidogo sana na bila hicho pampu ya petroli stesheni haitakusaidia.