Somo: Programu ya zamani ikigoma kukompailika kwenye Debian 13

Kuna programu niliyokuwa naikompaili (yaani kugeuza msimbo wake kuwa programu inayoendeshwa) kwenye Debian 12, mfumo wa Linux, bila hata kuitazama. Juzi nimeipeleka Debian 13, ikagoma. Msimbo uleule, mashine ileile. Kilichobadilika ni kompaila: GCC 12 imepisha GCC 14, na tangu toleo hilo litoke mwaka 2024 baadhi ya makosa ya C yaliyokuwa yakipita kwa onyo tu sasa yanasimamisha kazi. Nimekesha nikirekebisha, kumbe mtunza kifurushi wa Debian, anayeiandalia Debian programu hiyo, alishayamaliza zamani. Hatua hizi ni za kuuchukua msimbo wake na kuukompaili.

Jaribuni kwanza na `hello`, kijiprogramu cha GNU cha mazoezi.

Hatua ya 1. Washa msimbo chanzo. Katika `/etc/apt/sources.list` hakikisha kuna mistari inayoanza na `deb-src`. Kama mfumo wako unatumia mafaili ya `.sources`, mstari wa Types usomeke `Types: deb deb-src`. Kisha `sudo apt update`; apt ndiyo inayoweka na kusasisha programu kwenye Debian.

Hatua ya 2. `sudo apt build-dep hello`. Wengi hupoteza siku nzima hapa: configure, hati inayokagua mfumo kabla ya kukompaili, inalalamikia maktaba moja, unaiweka, inadai nyingine. Orodha yote apt inayo. Ila soma idadi ya MB kabla ya kubonyeza Y. Ukiomba LibreOffice kwa bando la siku, shauri yako.

Hatua ya 3. `sudo apt install dpkg-dev`, halafu `apt source hello` bila sudo. Ingia folda iliyofunguka, na kwa programu yako halisi fungua `debian/patches`. Humo mna marekebisho ambayo Debian imeyaweka juu ya msimbo wa asili. La kwangu lilikuwa mstari mmoja tu: `#include <ctype.h>`, mwandishi aliusahau na kompaila za zamani zikamvumilia.

Hatua ya 4. Jenga kifurushi cha `.deb` kwa `dpkg-buildpackage -b -us -uc`, kisha kiweke kwa `sudo apt install ../hello_*.deb`.

Ikikwama, usihangaike na mstari wa mwisho. `Error 2` ya make, chombo kinachoendesha ukompaili, haikwambii kitu. Panda juu mpaka ukutane na `error:` ya kwanza. Nyingi zinazofuata ni watoto wake.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi napiga `sudo make install` na maisha yanaendelea. Kuna ubaya?*
Kwa kawaida mafaili yanaenda `/usr/local`, na apt haina habari nayo. Siku ukisasisha programu hiyo kwa apt, bado utafungua ile ya zamani, maana `/usr/local/bin` hutangulia kwenye PATH, orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu. Nimewahi kutafuta mchawi wa namna hiyo wiki nzima.

*Niko Fedora 42, inasema `too many arguments to function`. Msimbo ni wa miaka ya tisini.*
Hiyo ni GCC 15, ndugu yangu. Inasoma C kwa kanuni za C23, toleo jipya la lugha hiyo, ambamo mabano matupu yana maana kwamba fankisheni haipokei kitu. Jaribu `./configure CFLAGS="-O2 -std=gnu17"` ili isome kwa kanuni za zamani. Vitegemezi (maktaba na zana ambazo programu inazihitaji) kwako utavipata kwa `sudo dnf builddep` na jina la kifurushi.

*Apt ikisasisha mfumo, kazi yangu si itafutwa?*
Itafutwa toleo jipya likija. Zuia kwa `sudo apt-mark hold hello`, lakini ujue umezuia na marekebisho ya usalama. Ukisahau ulichofunga, `apt-mark showhold` itakuonyesha. Mimi nilikuta vitatu vya mwaka juzi.