Kabla Hujampa Fundi Kisu cha Kazi

Kisu cha bucha au cha jikoni kikigoma kukata, usikimbilie jiwe. Mara nyingi makali hayajaisha. Yamelala upande mmoja kwa kugonga ubao na mfupa. Kipitishe kwenye chuma cha kunolea, ile fimbo ya chuma yenye mpini, mara tano au sita kila upande, kwa mkono mwepesi, kuanzia karibu na mpini hadi kwenye ncha. Jaribu nyanya iliyoiva: ganda likikatika bila kukandamizwa, hela yako imepona. Chuma kisiposaidia, au kikisaidia kwa dakika chache tu, kisu kimekuwa butu kweli. Mtafute fundi.

Ukimpata, simama naye. Adui mkubwa wa kisu kwenye jiwe linalozunguka ni joto. Makali ni membamba mno, kwa hiyo hupata moto haraka kuliko bapa lote. Yakikaribia nyuzi 300 za Selsiasi, chuma hugeuka bluu na ugumu wake umeshaondoka. Kisu cha namna hiyo kitakata vizuri leo, kesho butu, na mwenyewe atalaumu duka alikokinunua. Fundi awe na maji karibu na achovye kila baada ya kupitisha mara moja au mbili. Bluu ikishatokea, kuisugua kwa msasa kunafuta rangi tu. Ugumu haurudi mpaka sehemu hiyo inolewe taratibu hadi iishe. Jiwe la kukanyaga kwa pedali za baiskeli huzunguka polepole kuliko grainda ya umeme, na kwa kisu chembamba ni afadhali hilo. Grainda kavu iachie panga na jembe.

Mweleze pia kazi ya kisu, maana pembe ya makali inategemea hilo. Cha minofu ya samaki na mboga kinataka takriban nyuzi 15 kila upande, cha bucha 20, na cha kukatia mifupa 25 hadi 30. Huna kipimo? Kunja kona ya karatasi katikati mara mbili: kutoka nyuzi 90 unapata 45, kisha 22 na nusu, kadirio zuri kwa kisu cha bucha. Au pima kwa mgongo: kisu chenye upana wa sentimita 4.5 kikilazwa kwa nyuzi 20, mgongo huwa juu ya jiwe kwa sentimita 1.5 hivi.

Jiwe la kukwaruza likimaliza kazi, huacha uzi mwembamba wa chuma uliojikunja kwenye makali. Telezesha kidole juu ya bapa, kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa urefu wake. Kidole kikinasa, uzi bado upo. Uzi huo huondolewa kwenye jiwe laini, la namba 1000 au zaidi (namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe ni ndogo), kwa kubadilisha upande kila mara na kupunguza nguvu. Mafundi wengine huishia kabla ya hapo, kwa sababu kisu chenye uzi hukata karatasi vizuri sana mbele ya mteja. Mfupa wa kwanza tu, umelala.

Kabla ya kulipa, elekeza makali juu chini ya taa. Makali mazuri hayaonekani. Kila nukta inayong'aa ni pengo au sehemu butu, hasa karibu na mpini, ambako jiwe la duara halifiki vizuri. Kisha yasimamishe juu ya ubao ulionyooka. Ukiona mwanga katikati, fundi amelalia sehemu moja, na kotimiri itabaki imeshikana kama shanga kwenye uzi.

Kisu cha mkate chenye meno usimpe mtu wa jiwe bapa, atayafuta meno. Cha seramiki kinataka jiwe la almasi.

Nyumbani, kioshe kwa sabuni kutoa unga wa jiwe na chuma, kikaushe papo hapo. Katia juu ya ubao wa mti au plastiki, si sahani wala marumaru. Na unaposomba vitunguu ubaoni, geuza kisu utumie mgongo.