Kufundisha usalama wa mtandao kwa mitambo ya huduma muhimu: anza na maji, kompyuta baadaye

Mwalimu anayefundisha ulinzi wa mitambo ya umeme, maji au mafuta kwa mtaala wa kompyuta za ofisini huharibu mambo tangu somo la kwanza. Ofisini siri ya taarifa ndiyo hutangulizwa; mtamboni hutangulia uhai wa watu na kuendelea kwa huduma, na kompyuta ambayo mwanafunzi angeizima na kuiwasha upya bila kufikiri huenda ndiyo inayozuia tangi lisifurike.

Kwa hiyo anza na tangi. Weka mezani ndoo mbili, pampu ndogo ya volti 12, kihisi cha kina cha maji na kidhibiti (kompyuta ndogo inayoendesha pampu) kinachotumia itifaki ya Modbus, yaani lugha ya kupeana amri na vipimo kati ya vifaa vya mitambo, kisha wanafunzi wachore njia ya maji na njia ya amri kabla hujatamka neno mdukuzi. Wakishaielewa michoro yao, unganisha kompyuta ya pili kwenye mtandao huohuo na utume amri ya kuwasha pampu. Itawaka. Hakuna nenosiri litakaloulizwa, kwa kuwa Modbus ilibuniwa mwaka 1979 kwa ajili ya mitambo iliyojitenga, na muundo wake wa asili hauna namna ya kumtambua anayeamuru. Maji yakishamwagika (andaa matambara), hutahitaji kumshawishi mtu kwamba mtandao wa ofisi na wa mitambo havipaswi kuchanganywa. Hapo ndipo waweke kifaa cha kuchuja mawasiliano, waruhusu kompyuta moja tu kutoa amri, warudie jaribio, na waitafute amri iliyokataliwa katika kumbukumbu za kifaa hicho.

Majaribio haya yabaki mezani. Vidhibiti vya zamani vinaweza kuganda kwa kupekuliwa tu na programu ya kukagua mtandao, hivyo asiruhusiwe yeyote kuijaribu kwenye mtambo unaofanya kazi.

Kwa mfano wa kweli, mimi huchagua Ukraine. Tarehe 23 Desemba 2015 wateja wapatao 225,000 walikatiwa umeme na washambuliaji walioingia miezi kadhaa kabla kupitia barua pepe za hadaa. Katika chumba cha udhibiti, wafanyakazi walitazama kishale cha kipanya kikitembea chenyewe na kukata swichi moja baada ya nyingine. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda vituoni na kuziwasha kwa mikono, jambo ambalo kituo kilichozoea kuendeshwa na kompyuta kwa kila kitu kingeshindwa.

Mtihani wa mwisho nao usiwe wa karatasi pekee: funika skrini kwa kitambaa bila kutoa taarifa, na kila kundi liendeshe tangi kwa mikono kwa dakika 20, mmoja akisoma kina kwa rula, mwingine akishika swichi ya pampu, wa tatu akiandika kila badiliko na saa yake.