Dona la mahindi na mtama, kuanzia mashineni mpaka kwenye sahani

Hapa Masasi ukienda mashine unakuta foleni ya kukoboa ndo ndefu, kila mtu anataka sembe nyeupe pee, alafu pumba anapewa kuku. Sasa faiba, zile nyuzinyuzi tunazoambiwa tule, nyingi ziko kwenye hizo pumba, kwa hiyo anayefaidi ni kuku. Mi nasaga dona, nafanya hivi.

1. Chambua, na hapa usilete uvivu. Anayekoboa anapunguza na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, iliyokaa kwenye ganda, we wa dona unasaga vyote. Peta kwenye ungo, toa punje zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi. Siku moja nilikuwa na haraka nikapeleka hivohivo, unga ukatoka unanuka uvundo, nikamwaga ndoo nzima.

2. Mahindi kilo 3, mtama kilo 1. Mtama mwekundu sana huwa una tanini, utausikia ukakasi mdomoni, mi napenda mweupe.

3. Mashineni sema kabisa "dona, usikoboe". Saga wa wiki mbili tu, kiini kina mafuta, unga ukikaa unachacha.

4. Kusonga ndo wengi wanafeli. Pumba inanyonya maji, ukiweka maji ya sembe ugali unakuwa mkavu na unasikia kama mchanga kwenye meno. Ongeza maji, koroga uji mwepesi, uache utokote dakika kama 10 hivi mpaka chembe zilainike, ndo uanze kutia unga kidogo kidogo huku unasonga, mwisho punguza moto ufunike kidogo.

5. Tumboni ni kama kwenye sufuria, pumba inashika maji, choo kinakuwa laini na kingi. Nyingine bakteria wa utumbo mpana wanaichachusha, ndo ile gesi ya wiki ya kwanza, kwa hiyo anza nusu dona nusu sembe na maji unywe kwelikweli, bila maji utafunga choo uje unilaumu mimi.

Ila msidanganyane eti dona linashusha kolestro, inayosifiwa kuishusha ni betaglukani, aina ya faiba ya kwenye oti na shayiri, kwenye mahindi na mtama ni kidogo sana. Na WHO wanataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za faiba kwa siku, ugali peke yake haukufikishi, weka na mbaazi za nazi pembeni.